Oili ya sinthetiki kwa gari lililotembea sana: jinsi ya kuchagua ukiwa Tabora

Magari mengi tunayoendesha hapa Tabora yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani miaka minane, kumi au zaidi, na sisi tukaongeza yetu juu yake. IST ya 2003, Noah ya 2001, Carina, Premio, RAV4 ya milango mitatu: kukuta kilometa laki mbili kwenye dashibodi ni jambo la kawaida, na injini bado inavuta vizuri. Mwenye gari la namna hiyo akisikia habari za oili ya sinthetiki, swali lake ni moja: niweke, au itaniletea matatizo?

Injini nyingi za umri huo zinaifaidi kweli. Lakini uamuzi unaanzia kwenye hali ya injini yako, si kwenye maandishi ya dhahabu mbele ya kopo. Kuna injini ambayo ukiiwekea oili ya bei kubwa unachoma pesa kupitia ekzosi, na kuna nyingine ambayo kuendelea kuiwekea oili nzito ya bei rahisi ndiko kunakoimaliza. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na ile ya kwanza usiiruke hata kama una haraka.

Hatua ya 1: Ijue injini kabla ya kwenda dukani

Anza na kilometa za kweli. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo yake, kisha fungua boneti uangalie upande wa juu wa injini na kwenye boksi la eya klina. Mara nyingi utakuta stika ndogo ya gereji ya Japani, imeandikwa tarehe na kilometa za siku oili ilipobadilishwa. Huhitaji kusoma Kijapani, tarakimu zinatosha. Mwaka ukiwa na herufi H mbele yake, au ukiwa namba ndogo kama 22, huo ni wa enzi ya Heisei: jumlisha 1988 upate 2010. Ukiwa na herufi R, ni enzi ya Reiwa, jumlisha 2018. Kama stika inasema kilometa 118,000 mwaka 2010, na dashibodi ilikuwa inasoma 86,000 siku uliponunua, basi unajua kwamba dashibodi ilichezewa. Usiibandue stika hiyo, hata ukiosha injini.

Kisha pima oili asubuhi, gari likiwa limelala mahali tambarare na halijawashwa. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa cheupe, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena. Angalia vitu vitatu: kiasi, rangi, na kilichomo ndani. Oili kuwa nyeusi peke yake si ugonjwa. Oili yenye sabuni nzuri huwa nyeusi kwa sababu inabeba uchafu badala ya kuuacha ugande kwenye pistoni. Kinachotakiwa kukushtua ni vichembe vinavyometameta juani, maana hicho ni chuma, au utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili, ambao ni maji. Utando mwembamba unaweza kutokana na safari fupi fupi za mjini zinazoiacha injini bila kupata moto wa kutosha. Ukiwa mzito, na maji ya rejeta nayo yanapungua, shughulika na gasketi ya silinda hedi kwanza. Habari za oili zitasubiri.

Dondosha pia tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe inayofyonza, uiache usiku kucha. Tone likisambaa na kuacha duara la kijivu linalofifia taratibu kuelekea pembeni, oili bado inafanya kazi. Likibaki na kiini cheusi kizito chenye ukingo mkali, oili imechoka, au injini ina tope ndani.

Halafu moshi. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari unapoliwasha asubuhi. Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache kisha ukakatika, kwa kawaida ni sili za valvu zilizokauka kwa umri: oili inachuruzika usiku na kuungua asubuhi. Moshi wa bluu unaotoka ukikanyaga mafuta barabarani au ukipanda mlima ni dalili ya ringi za pistoni. Sili za valvu unaweza kuishi nazo miaka. Ringi ni suala jingine.

Mwisho wa hatua hii ni kipimo ambacho wengi hawakifanyi, nacho ndicho chenye thamani kuliko vyote. Jaza oili hadi alama ya juu, andika kilometa, tembea kilometa 1,000, kisha ongeza kwa chupa yenye vipimo mpaka irudi kwenye alama. Kiasi ulichoongeza ndicho injini inachokula. Vitabu vya Toyota kwa injini nyingi za petroli vinaweka kikomo cha lita 1 kwa kilometa 1,000. Injini yako ikila chini ya nusu lita, ni mzima kwa umri wake na sinthetiki itaifaa. Ikikaribia lita nzima au kuipita, ushauri wangu ni kwamba usinunue sinthetiki ya gharama. Weka oili ya kawaida yenye herufi sahihi (herufi hizo nimezieleza Hatua ya 3), ongeza kila inapopungua, na anza kuweka akiba ya kubadilisha ringi.

Kabla hujaihukumu injini kwamba inakula, angalia valvu ya PCV. Ni kidude kidogo kinachorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa. Kwenye Toyota nyingi kipo juu ya tapeti kava, yaani kile kifuniko cha juu ya injini, bei yake si kubwa, na kikiziba, presha hupanda ndani na kusukuma oili itoke kwenye kila sili dhaifu. Kichomoe, kitikise: kikilia kachakacha, kwa kawaida kiko huru. Kikinyamaza, badilisha. Nimeona magari yaliyokuwa yameshahukumiwa kufunguliwa injini yakapona kwa kidude hiki.

Kama una Premio, Allion, Corolla au RAV4 yenye injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8 ya miaka ya mwanzo, hadi kama 2002, jua kwamba ulaji wa oili ulianzia kiwandani. Matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo, yakawa yanaziba na kuzifanya ringi zishike. Baadaye Toyota walibadilisha pistoni hizo. Sinthetiki yenye sabuni nzuri, ikibadilishwa mapema, husaidia zisizibe zaidi. Kuzizibua zilizokwisha ganda ni bahati.

Hatua ya 2: Chagua uzito, na usikimbilie 20W-50

Hapa ndipo pesa na injini nyingi zinapopotelea. Ukifika gereji na gari la kilometa laki mbili, utaambiwa: "Bosi, injini imechoka hii, tuiwekee 20W-50, nzito itaikamata." Anayekushauri hakutakii mabaya. Ushauri huo ulikuwa na maana kwenye injini za zamani kama 2Y au 3L, zenye nafasi kubwa kati ya vyuma. Tatizo ni kwamba unarudiwa kwa kila gari, hata lisilostahili.

Namba iliyo kabla ya herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. 5W hupimwa ikisukumwa na pampu kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 20W kwenye 20 chini ya sifuri. Utasema Tabora hatuna baridi hiyo, na ni kweli: usiku wa Juni na Julai tunashuka karibu na nyuzi 15, na mwezi wa kumi mchana tunapita 30. Lakini kwa injini, hata nyuzi 30 ni baridi, kwa sababu oili inafanyia kazi kwenye 100. Mwenye asali ya Sikonge nyumbani aimimine alfajiri ya Julai, kisha aimimine tena baada ya kuipasha, ataona ninachosema. Kwenye nyuzi 40, oili ya 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko 5W-30. Kwa hiyo kila asubuhi, katika zile sekunde za kwanza baada ya kuwasha, nyepesi inakuwa imeshafika juu kwenye kemu, vyuma vinavyofungua valvu, wakati nzito bado inapanda.

Kwa injini kama 1NZ-FE ya IST na Probox, au 1ZZ, au 1AZ ya Noah, jambo hili lina uzito wa pekee. Cheni ya taimingi inakazwa na kifaa kinachotegemea presha ya oili. VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, nayo inageuzwa na oili inayopita kwenye vijitundu na kichujio chembamba. Ukisikia mlio wa cheni, krrr, sekunde moja au mbili kila unapowasha asubuhi, na oili iliyomo ni nzito, jaribu kurudi kwenye uzito wa kitabu kabla hujanunua cheni mpya.

Namba ya pili, 30 au 40 au 50, ni uzito oili ikiwa ya moto kwenye nyuzi 100. Hapa ndipo gari lililotembea lina haki ya kupewa nyongeza kidogo. Utaratibu ninaoufuata na kuupendekeza ni huu: injini isiyokula oili na isiyopiga kelele, baki kwenye 5W-30 ya kitabu. Inayokula kidogo, au ambayo taa ya oili inachezacheza ukisimama baada ya safari ndefu ya joto, panda ngazi moja tu, 5W-40 au 10W-40. (Taa ikiwaka na kubaki imewaka, zima gari upime presha kwa geji, hilo si suala la kuchagua kopo.) Ngazi mbili, yaani 50, ziache kwa injini ambazo kitabu chake chenyewe kinaziruhusu, na vitabu vya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa nchi za joto vinaziruhusu kweli. Kama gari lako lilipendekezewa 0W-20, nalo limeshapita laki na nusu, 5W-30 ni chaguo la busara kwa joto letu.

Wenye dizeli, 1HZ ya Land Cruiser au 1KZ-TE ya Prado, kwenu mambo ni mepesi: 15W-40 yenye herufi za dizeli, CI-4 au CK-4, na ukitaka sinthetiki, 5W-40 yenye herufi hizo hizo.

Hatua ya 3: Geuza kopo, soma herufi

Mbele ya kopo kuna picha ya gari la mashindano na maneno matamu. Nyuma, kwa herufi ndogo, kuna neno API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, likifuatwa na herufi mbili. Hizo ndizo zinazokuambia oili imetengenezwa kwa injini za zama zipi. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya.

SF ni kwa injini za 1988 kurudi nyuma. SG ni 1993 kurudi nyuma. SJ ni 2001, SL ni 2004, SM ni 2010, SN ni 2020, na SP ilianza 2020. Kwa petroli, kiwango kipya kinachukua nafasi ya cha zamani, kwa hiyo IST ya 2003 iliyotengenezwa zama za SL itafurahi na SN au SP, wala haitadhurika kwa kupewa kitu kipya kuliko yenyewe. Kinyume chake ndicho kibaya, na ndicho kinachouzwa sana: madumu ya 20W-50 yenye alama ya SF au SG yapo mpaka leo kwenye maduka ya spea, na watu wanaweka kwenye gari la 2005. Oili hiyo ilipitwa na wakati kabla gari lenyewe halijachorwa. Ukitoka na jambo moja kwenye mwongozo huu, toka na hili la kugeuza kopo.

Ukikuta pia alama ya Ulaya ya ACEA A3/B4, hiyo ni habari njema kwa gari lililochoka kidogo. Inamaanisha oili haijafanywa nyembamba ili kubana matumizi ya petroli. Inashika utando mnene hata kwenye joto la nyuzi 150 ndani ya beringi. Sinthetiki nyingi za 5W-40 zina alama hiyo. Kopo lisilo na API wala ACEA popote, rudisha kwenye shelfu.

Hatua ya 4: Elewa unacholipia kwenye sinthetiki

Oili ya kawaida, ya madini, inatokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Molekuli zake hazilingani: nyepesi huvukia mapema kwenye joto, nzito hugeuka masizi. Sinthetiki ni ama iliyojengwa kiwandani kutoka molekuli ndogo, inayoitwa PAO, ama mafuta ghafi yaliyopikwa na kuvunjwavunjwa kwa haidrojeni mpaka yakawa karibu sawa nayo, yanayoitwa kundi la tatu. Tangu uamuzi wa mwaka 1999 nchini Marekani katika mgogoro wa matangazo kati ya Mobil na Castrol, kundi hilo la tatu nalo huuzwa huko kwa jina la sinthetiki, na kopo lingi utakaloshika dukani ni la namna hiyo. Halina ubaya. Ila usilipie mara tatu ukidhani unapata kitu kingine. Na neno "Semi Synthetic" halina asilimia maalumu inayotakiwa: inaweza kuwa theluthi, inaweza kuwa kidogo sana.

Faida yake kwa gari letu iko mahali pawili. Kwanza, haivukii haraka. Kuna kipimo kiitwacho Noack, ambapo oili inapashwa nyuzi 250 kwa saa moja na kuangaliwa imepungua kiasi gani. Viwango vipya vya API kwa oili nyepesi vinaruhusu hadi asilimia 15, na sinthetiki nzuri hupungua chini ya hapo kwa mbali. Gari linalopungua oili bila kuvuja na bila moshi unaoonekana mara nyingine linapoteza kwa njia hii, na kuhamia sinthetiki tu kunaweza kupunguza ulaji huo. Pili, haigeuki tope upesi. Ukitoka Tabora kuelekea Ulyankulu kwa njia ya mchanga, gia ya pili, feni inazunguka bila kupumzika, oili inapikwa, na hapo tofauti inaonekana baada ya miezi.

Kisichotibiwa na sinthetiki: ringi zilizokwisha, sili iliyopasuka, na vumbi. Nitarudi kwenye vumbi.

Hatua ya 5: Hofu ya kuvuja

"Ukiweka sinthetiki kwenye gari la zamani litavuja." Maneno haya yana chanzo. Oili za PAO za mwanzo, miaka ya 1970, zilikuwa zinazikausha na kuzifanya zisinyae sili za mpira wa zama hizo. Watengenezaji wakaongeza vitu vinavyozilainisha, na tatizo hilo limekwisha muda mrefu. Kinachotokea siku hizi ni kingine: sili ilikuwa imeshapasuka, tope la miaka likaziba mpasuko, oili mpya yenye sabuni ikasafisha tope, na mvujo uliokuwa umefichwa ukajitokeza. Oili imekuonyesha ubovu uliokuwepo. Kwa hiyo kama injini ni kavu kwa nje leo, huna cha kuogopa. Kama tayari inatoa jasho kwenye tapeti kava au sili ya nyuma ya krenki, badilisha gasketi ya tapeti kava kwanza, kazi ya mchana mmoja, halafu ndipo uweke.

Kuna pia oili zilizotengenezwa maalumu kwa magari yaliyopita kilometa 120,000 hivi, zimeandikwa "High Mileage". Ya kwanza kujulikana ilikuwa MaxLife ya Valvoline, mwaka 2000. Zina vilainishi vya sili, sabuni zaidi, na kinga zaidi ya msuguano. Kwa jasho dogo la oili husaidia, ila upe muda wa wiki kadhaa. Ukizikosa mjini hapa, agiza Dar es Salaam zije na basi, au chukua 5W-40 ya A3/B4 iliyopo. Hutakuwa umepoteza kitu kikubwa.

Dawa za chupa za kuzuia moshi ziache. Nyingi ni kuifanya oili iwe nzito, na tumeshaona nzito inafanya nini asubuhi.

Hatua ya 6: Nunua kitu halisi

Oili feki ndiyo hatari kubwa kuliko kukosea uzito. Nunua kwa wakala anayetambulika au sheli kubwa yenye chapa ya oili hiyo, dai risiti, na usikubali oili inayopimwa kutoka pipani hata kama muuzaji unamfahamu, kwa kuwa naye hajui kilichoingizwa humo. Angalia kifuniko: pete ya chini iwe haijakatika, karatasi ya ndani imegandishwa vizuri. Namba ya toleo na tarehe ziwe zimechapwa kwenye kopo lenyewe, zisifutike kwa kidole. Tafuta alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Linganisha makopo mawili ya aina moja: lebo ikipinda, au rangi zikitofautiana, ondoka. Ukishuku, toa taarifa Tume ya Ushindani, wanaoshughulikia bidhaa bandia.

Na kopo likiisha, litoboe au likate kabla ya kulitupa. Makopo matupu ya chapa kubwa yanatafutwa, na unajua yanaenda kujazwa nini.

Kuhusu bei, piga hesabu kwa kilometa. Tuseme ya madini unaibadilisha kila kilometa 4,000 na sinthetiki kila 7,000: sinthetiki inajilipa hata ikiwa ghali mara 1.75, na hapo hujahesabu filta na ufundi ulioviokoa. Ikizidi mara mbili na nusu, unanunua amani ya moyo tu. Nunua kopo la lita 4: injini ya 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kinachobaki ni cha kuongezea.

Hatua ya 7: Hamia taratibu

Fungua kifuniko cha oili na umulike kwa tochi ya simu. Ukiona chuma chenye rangi ya dhahabu au kahawia nyepesi, badilisha moja kwa moja, hakuna masharti. Ukiona masizi meusi yaliyojikusanya kama lami, nenda polepole. Sabuni ya oili mpya inaweza kuyabandua kwa vipande, yakaenda kuziba kichujio cha pampu kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, na injini ikakosa oili huku dipstiki ikionyesha imejaa.

Kwa injini hiyo, usikubali kusafishwa ndani kwa dizeli au mafuta ya taa. Ukiweza, mwambie fundi afungue sampu akasafishe kichujio. Usipoweza, anza na oili ya madini au nusu sinthetiki yenye herufi SN, uibadilishe pamoja na filta baada ya kilometa 2,000, rudia mara nyingine, ndipo uweke sinthetiki. Kubakia kwa oili ya zamani kidogo si tatizo: oili zenye viwango vya API lazima zichanganyike bila kugandana, kwa hiyo hata ukiishiwa njiani Kaliua, ongeza yoyote yenye herufi na uzito unaokaribiana, uendelee na safari.

Filta usibane bajeti. Ya Toyota halisi, zile zenye namba inayoanza na 90915, ina valvu ya mpira inayozuia oili isirudi yote chini usiku. Paka oili kidogo kwenye mpira wake, ifunge kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Spana iache kwenye boksi. Mwaga oili injini ikiwa ya vuguvugu, weka washa (kile kipete cha kuzuia kuvuja) mpya kwenye nati ya sampu, na baada ya kuwasha na kuzima subiri dakika kadhaa kabla ya kupima. Usivuke alama ya juu.

Hatua ya 8: Vumbi la kwetu na muda wa kubadilisha

Toyota kule Japani wanaandika kilometa 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za petroli zisizo na tabo (turbo), na nusu yake, 7,500 au miezi sita, kwa mazingira magumu. Barabara za vumbi wamezitaja kabisa kama mazingira magumu. Sisi ndio hao. Lami ya Nzega na ya Urambo ni nzuri, lakini ukichepuka tu kwenda kwenye mashamba ya tumbaku au vijijini Uyui, gari linavuta mchanga wetu mwembamba kuanzia Juni mpaka mvua ya Novemba. Chembe za mchanga huo ni ngumu kuliko chuma cha ringi. Zikiingia kwenye silinda, hakuna oili duniani ya kuzilainisha: zinasaga, na zinaelea ndani ya oili mpaka uimwage.

Kwa hiyo eya klina ni sehemu ya uchaguzi wa oili. Ibadilishe, usiipigepige kwenye tairi wala kuipuliza kwa kompresa mpaka karatasi itoboke. Pitisha kidole ndani ya bomba la mpira baada ya filta: ukikuta vumbi, hewa inapita pembeni, tafuta klipu iliyolegea au bomba lililopasuka siku hiyo hiyo. Kuendesha kiangazi kizima na klipu iliyolegea kunaweza kumaliza injini ambayo ingeenda miaka mitano.

Kwa sinthetiki halisi kwenye injini nzima, mjini na lami, nashauri kilometa 7,000. Kwa wanaoshinda vumbini, 5,000. Ahadi ya 10,000 na 15,000 iliyoandikwa kwenye kopo iachie nchi ambazo gari halijui mchanga. Na kama gari linatembea kidogo, kwenda kazini na kanisani au msikitini tu, badilisha kila miezi sita hata kilometa hazijafika, kwa sababu safari fupi zinaacha maji na petroli ndani ya oili.

Oili uliyomwaga iweke kwenye dumu lenye kifuniko, umpe mwenye gereji anayekusanya. Isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Wengi wetu tunaipaka kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa. Ukifanya hivyo vaa glavu, kwa kuwa oili iliyotumika ina vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi, na usiipake kwenye banda la mifugo wala mahali watoto wanaposhika.

Kisha andika kwenye kipande cha karatasi: tarehe, kilometa, jina la oili, uzito, herufi za API. Kibandike chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, pembeni ya ile stika ya Japani. Kwa wiki nne za kwanza pima dipstiki kila Jumamosi asubuhi na uangalie sakafu mahali gari lilipolala. Ulaji ukipungua kuliko kile kipimo chako cha kilometa 1,000, baki na oili hiyo hiyo na usirukeruke chapa. Ukiwa sawa na zamani, jaribu ngazi moja ya uzito kwenye mzunguko unaofuata. Ukiongezeka, na chini hakuna tone, rudi kwenye PCV na moshi, kisha kapime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda.